Abiria wa Banda la Ndama

Ukipasha chuma cha kulehemu kwenye jiko la makaa, ukakitoa kabla hakijawa chekundu, ukakigusisha kwenye utomvu wa msonobari na kipande cha risasi, hutoka moshi mweupe wenye harufu inayopanda puani na kukaa huko. Changanya moshi huo na vumbi la mbao mbichi, na mkojo wa ng'ombe uliolowesha ardhi miaka na miaka, na chai iliyochemshwa mara ya pili. Hapo umepata banda la Guka wangu, baba wa baba yangu, pale Gatitu kule Nyeri, msimu wa baridi na ukungu nilipokuwa na miaka tisa. Nimenusa mengi tangu siku hizo, maua ya harusi, dawa za hospitali, vichwa vya watoto sita niliowazaa mwenyewe, lakini nikikutana na ile harufu kwa fundi yeyote wa redio miguu yangu husimama yenyewe. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo usinitafutie maneno makubwa hapa. Nimeandika kwa mkono wangu, mjukuu akanyoosha herufi, na pale aliponiambia nifute nimekataa.

Nilifika Gatitu kwa sababu mama yangu kule Tetu alizaa pacha. Mimi ndiye niliyekuwa msichana mkubwa, na baba akasema niende nikamsaidie mama yake kuchunga, kwa muhula mmoja tu. Jina langu ni Nyambura. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na Cucu, ndivyo tunavyomwita nyanya, naye aliitwa Nyambura, kwa hiyo pale nyumbani sikuwa mjukuu tu, nilikuwa yeye mwenyewe akiwa mdogo. Guka aliniita bibi yangu mdogo. Cucu akimgombeza asubuhi, mchana alikuja kunishtaki mimi: ona ulivyonitukana leo, na uji hukunipa. Nilicheka, lakini jina kama hilo si mchezo. Linakupa haki ambazo mtoto mwingine hana, na siku moja linakudai.

Guka alikuwa nyapara wa reli. Maisha yake yote alitembea njia ya treni kutoka Kiganjo kwenda juu na kurudi, yeye na watu wake, wakikaza misumari, wakibadilisha mataruma ya mbao yaliyooza chini ya reli, wakipima kila kona kwa pimamaji. Alipostaafu alikaa kwenye kizingiti cha nyumba na kutazama ukuta wa jikoni. Cucu alinisimulia kwamba treni ya Nanyuki ilipopiga honi kule Kiganjo, Guka alitoa saa mfukoni, akasema imechelewa, akairudisha, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya siku nzima. Mtu anaweza kufa akiwa ameketi vizuri, Cucu akaniambia, na hakuna jirani atakayejua. Kilichomwokoa ni mkebe. Rafiki yake Wahome, aliyekuwa akilinda moto ndani ya injini za mvuke, alikuja siku moja na behewa dogo alilokata kutoka mkebe wa mafuta ya kupikia, lina madirisha na milango, akaliweka kizingitini. Guka akaligeuza, akalitazama chini, akasema magurudumu yamepinda. Wahome akamwambia basi tengeneza reli ya kulinyoosha. Guka akasimama. Cucu alisema alisikia magoti yakilia kama mlango wa zamani.

Mimi nilipofika, ule mchezo ulikuwa umeshakuwa mji. Meza ya mbao ilizunguka banda zima kama pete, na katikati kulikuwa na shimo ambalo mtu hulifikia kwa kutambaa chini ya meza. Juu ya meza kulikuwa na Karatina, Kiganjo na Naro Moru, kila stesheni na paa lake la bati, na mlima wa magunia yaliyokandikwa kinyesi cha ng'ombe, kilele kimepakwa chokaa. Reli zilikuwa ile mikanda ya chuma inayofunga marobota, imesimamishwa upande wake ndani ya mataruma yaliyochanwa kwa msumeno. Magurudumu yalitoka kwenye vile vijiti vya mbao vinavyozungushiwa uzi wa fundi cherehani. Injini yenyewe ilikuwa kopo la kakao lenye mota ya gramafoni iliyokufa, na mota ile iliendeshwa kwa betri za tochi. Guka alikata reli vipande vifupi na kuacha mwanya kidogo kwenye kila kiungo, kama kwenye njia ya kweli, kwa sababu chuma hupumua, alisema, na kwa sababu treni isiyosema ta-ta, ta-ta ni gari la maziwa. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mdogo wa kupita chini ya meza, nilipewa lile shimo la katikati. Kazi yangu ilikuwa kuinua kilichoanguka.

Wa tatu wao alikuwa Muriithi, mzee kutoka Kianyaga aliyekuwa akiishi kwa binti yake hapo jirani. Yeye alikuwa gadi wa treni, mwenye filimbi na bendera, na filimbi alikuwa nayo bado shingoni. Sasa wape watu hawa watatu meza moja na uone. Wahome alisema watu wa njia kazi yao ilikuwa kusimama kando na kupungia mkono walio kazini. Guka akamjibu kwamba walio kazini walifika salama kwa sababu yeye alikuwa macho, na kama angesinzia mara moja Wahome angekuwa anatia moto ahera. Muriithi akapuliza filimbi na kuwakumbusha kwamba hakuna injini wala njia iliyowahi kuondoka stesheni kabla yeye hajaamua. Walimcheka kwa chai yake, ambayo ilikuwa sukari inayoogelea, wakasema Kianyaga wanapanda majani mazuri ya chai kisha wanayaonea. Yeye aliwaambia watu wa Nyeri hunywa chai chungu ili ifanane na wake zao. Cucu alikuwa amesimama mlangoni. Siku hiyo Muriithi alikunywa maji.

Walikuwa na sheria moja, na hiyo nimeishika mpaka leo. Kitu kikiharibika, walitafuta kimeharibikia mikononi mwa nani, na mwenye kosa alikuwa abiria. Palikuwa na kigoda pembeni, na juu yake kwenye msumari palining'inia tiketi ya kadi yenye tundu. Abiria alivaa ile tiketi shingoni, akakaa kwenye kigoda, na mpaka ionekane kosa limepona hakuruhusiwa kugusa nyundo, koleo wala tupa, ila kwa kulirekebisha hilo tu. Kazi yake ilikuwa kumwaga chai na kusifu mandhari. Walikuwa wanaume wazito, wenye wajukuu, na wote walikiheshimu kile kigoda kuliko walivyoheshimu baraza la chifu. Muriithi alishawahi kukikalia, Wahome alishakikalia. Guka hajawahi. Alijivunia hilo kama mwingine anavyojivunia shamba la kahawa.

Shida ni kwamba banda halikuwa lao. Lilikuwa la Cucu, na Cucu alikuwa na ng'ombe mwenye mimba, jina lake Nyange kwa sababu ya weupe wake. Ndama wa kwanza wa Nyange alikuwa amekufa kwa baridi nje, chini ya turubai, na Cucu hakusahau. Mapema msimu huo alikuja akasimama mlangoni, akafuta mikono kwa leso, akawapa masharti. Treni yenu imeanguka tangu kabla ya Krismasi, akasema. Wanaume watatu, mkiunganisha meno hamfiki ishirini, mnacheza na mikebe ndani ya nyumba ya ng'ombe wangu. Ikizunguka meza yote bila kuanguka kabla Nyange hajazaa, tutaongea. Isipozunguka, siku ndama anagusa chini ndiyo siku hii meza inakuwa kuni. Guka alijaribu kucheka. Cucu hakucheka, naye Guka akaacha. Mimi nilimtazama na kuona ule uso wa kizingitini alionisimulia Cucu, nikajua yuko karibu kurudi kule kwenye ukuta.

Na treni haikuzunguka. Ilitoka Karatina vizuri, ikapita Kiganjo ikisema ta-ta, ta-ta, ikaingia nyuma ya mlima, na nyuma ya mlima ikafa. Kila mara ilikuwa hivyo. Wazee walisimama upande wa nje, na ile kona ilifichwa na mlima, kwa hiyo walichoona ni treni kuingia na kutotoka, kama mkopo kwa shemeji. Wa kuona alikuwa mimi, ndani ya shimo. Mabehewa ya katikati, la pili, la tatu na la nne, yaliinama polepole kuelekea kwangu na kunidondokea mikononi. Guka aliuliza, limeanguka behewa gani? Nikasema la tatu. Basi, behewa ni la Wahome, kosa ni la Wahome, tiketi shingoni. Wahome alinyoosha magurudumu, akapunguza hapa, akalainisha pale kwa mafuta ya cherehani. Kesho yake likaanguka tena. Aliketi kwenye kigoda siku moja, mbili, nne. Mwanzoni walitaniana. Walimuuliza kama mandhari ya Naro Moru yanampendeza. Siku ya sita hakuna aliyetania, na Wahome alimwaga chai bila kumtazama mtu.

Wazee wa Pwani husema penye wazee haliharibiki neno. Mimi nilikuwa na wazee watatu na neno lilikuwa linaharibika kila siku saa nne asubuhi. Na sababu yake mimi nilikuwa nimeshaijua. Nilijulia kwa mbuzi. Cucu alikuwa na mbuzi watano, na nilipowapeleka mtoni niliwafunga kwenye kamba moja, mmoja nyuma ya mwingine, jike kubwa mbele kwa kuwa lilijua njia, na nyuma kabisa beberu mzito ambaye hakutaka kwenda popote duniani. Kwenye kona ya ua wa miti ya miiba ya kai-apple, jike lilivuta, beberu alikaza miguu, na kamba ikanyooka. Kamba ikinyooka haiendi na kona, inaikata. Wale wadogo watatu wa katikati walivutwa pembeni mpaka ndani ya miiba, wakilia. Nilishawatoa kwenye ile miiba mara nyingi hata mikono yangu ilikuwa na alama. Asubuhi moja, nikiwa nachomoa mwiba kwenye sikio la mwana-mbuzi, nikaona treni.

Mbele kulikuwa na injini nzito. Nyuma kulikuwa na gari la gadi, na humo ndimo zilimokaa betri zote nane, waya ukipita juu ya mapaa mpaka mbele. Muriithi ndiye aliyeng'ang'ania ziwekwe huko. Gari la gadi haliwezi kuwa mkebe mtupu, alisema, lazima libebe kitu cha maana. Katikati mabehewa ya Wahome, mepesi kama karatasi. Na kuzidi hayo, kwenye ile kona Guka alikuwa ameinua reli ya nje kwa vipande vya mbao, ikawa juu kuliko ya ndani. Kwenye njia ya kweli ndivyo inavyofanywa. Treni kubwa inakuja kasi, kona inataka kuitupa nje, kwa hiyo unaiinua upande wa nje ili iegemee ndani. Guka alifanya hivyo maisha yake yote na hakuna treni iliyowahi kuanguka kwenye njia yake. Lakini treni ya mikebe haina kasi ya kutupwa nje. Ilikuwa inavutwa ndani na kamba, na juu ya hayo Guka alikuwa anaisukuma iinamie ndani. Wahome hakuwa na kosa hata la kipande cha bati. Mzoea punda hapandi farasi, na Guka wangu alikuwa amezoea farasi, akapewa punda, akamwekea tandiko la farasi.

Utaniuliza, kwa nini hukusema? Wewe hujakulia kwetu. Mtoto wa miaka tisa, msichana, mchunga mbuzi, amwambie nyapara wa reli kwamba reli imekosea? Na si kumwambia tu. Kumwambia ni kumvalisha tiketi. Nililala na lile jambo tumboni kama nimemeza mbegu ya parachichi. Nilijaribu njia za uoga. Nilisema huenda ni upepo. Niliweka kokoto moja ndani ya behewa la tatu kwa siri, likapita, likaanguka la nne, na Wahome akalaumiwa upya kwa kutofanya mabehewa yafanane. Hilo liliniuma zaidi. Siku ile ile Cucu aliniita kwa ng'ombe, akanishikisha kiwele cha Nyange, kikiwa kigumu, cha moto. Siku mbili, akasema, au kesho. Kisha akaniangalia usoni kwa muda na kuuliza ni kitu gani kinanikaba. Nikasema hakuna. Akasema, "Nyambura hadanganyi vizuri. Najua, nimejaribu."

Asubuhi iliyofuata Wahome alikuja, na badala ya kwenda kwenye kigoda alikwenda kwenye benchi. Akachukua mkasi wake wa bati, akaufuta, akaufunga ndani ya kitambaa. Akachukua tupa yake ndogo. Akasema bila hasira kwamba mikono yake imezeeka, inaonekana, na kwamba ataona kama yale mahindi yake yanahitaji palizi. Guka alikuwa ameshika pimamaji. Hakusema baki. Mwanamume wa kwetu hasemi baki. Alisema tu kwamba mahindi ya mwezi huu hayapaliliwi. Wahome akasema yake yanapaliliwa. Na akaanza kwenda mlangoni.

Mimi nikatambaa chini ya meza nikatoka mbio. Sikujua nitasema nini, nilijua tu nitawaleta mbuzi. Niliwafungua, nikawafunga kwenye kamba yao, nikapiga kelele kwamba nimeshindwa na beberu, Guka, tafadhali, wote mje. Walikuja, wote watatu, Wahome na kile kifurushi kwapani, kwa sababu mtu haachi mbuzi wa mwenzake wakipotea hata akiwa amenuniwa. Nikalivuta lile jike kuzunguka kona ya ua. Beberu akakaza miguu kama alivyoumbwa. Kamba ikanyooka, na wale wadogo watatu wakaingia kwenye miiba mbele ya macho yao.

Guka alianza kuniambia nilegeze kamba. Mimi nikasema, "Guka, yule beberu wa nyuma ni betri."

Ukungu ulikuwa mzito, na nasikia bado wale mbuzi wakilia.

"Wale wadogo hawana makosa," nikasema. "Wanavutwa ndani. Na ile reli ya nje ukiiinua, ni kama kuwasukuma."

Muriithi alikuwa wa kwanza kuelewa upande wake, kwa maana alishika filimbi yake kama mtu anayetaka kuimeza. Wahome aliweka kifurushi chini, akaenda kwenye miiba, akamtoa mwana-mbuzi mmoja, akamfuta masikio, akamwambia pole sana mwenzangu, najua unavyojisikia. Guka aligeuka akarudi bandani, nasi tukamfuata. Akainama juu ya mlima, akafika kwenye kona, akaweka pimamaji juu ya reli na kulitazama lile tone la hewa likikaa upande. Kisha akaanza kuchomoa vile vipande vya mbao chini ya reli ya nje, kimoja kimoja, kwa vidole vyake mwenyewe, mpaka lile tone likakaa katikati. Alipomaliza alinyoosha mgongo, akaenda kwenye msumari, akatoa tiketi na kuivaa. Akakaa kwenye kigoda. "Nani anataka chai?" akauliza.

Wahome alicheka mpaka akashikilia benchi. Muriithi akaambiwa naye ni abiria, betri ni zake, akajitetea kwamba kigoda ni kimoja na kwamba gadi husafiri akiwa amesimama. Walikuwa bado wanabishana kuhusu hilo Cucu alipoita kutoka nyuma ya banda. Nyange alikuwa ameanza.

Sasa sikiliza jinsi Mungu anavyopanga. Aliyeweza kwenda kusaidia ng'ombe alikuwa Guka, kwa kuwa ndiye hakuruhusiwa kugusa chombo chochote. Akaenda na tiketi yake shingoni. Ndani, Wahome alihamisha betri kutoka gari la gadi mpaka nyuma ya injini, waya ukafupishwa, risasi ikayeyushwa, moshi ukanipanda puani. Nilitia kokoto kwenye mabehewa yote matatu, safari hii waziwazi. Nikarudi kwenye shimo langu na kupanua mikono, maana sikuwa na imani sana hata na mbuzi wangu. Muriithi akapuliza filimbi. Treni ikatoka Karatina. Ukuta wa banda ulikuwa wa mbao zilizoachana, na upande wa pili nilimsikia Nyange akiguna na Cucu akisema vuta, vuta polepole. Treni ikapita Kiganjo. Ikaingia nyuma ya mlima. La pili likapita mbele ya pua yangu, limesimama wima kama mlokole. La tatu. La nne. Mikono yangu ilikuwa bado imepanuliwa na haikuwa na kitu.

Guka hakuiona safari hiyo hata kidogo. Lakini alikuwa amesikiliza reli maisha yake yote, na reli ya meza ile aliikata mwenyewe. Cucu ndiye aliyetusimulia baadaye, na aliisimulia mpaka alipozeeka. Alisema Guka alikuwa ameshika miguu ya mbele ya ndama, jasho likimtiririka, midomo ikicheza, naye Cucu akadhani anasali. Kumbe anahesabu viungo. Ishirini na tano. Ishirini na sita. Ishirini na saba. Ishirini na nane. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Imefika," na ndama akatoka.

Kesi ilisikizwa pale pale. Treni ilizunguka kwanza au ndama alizaliwa kwanza? Muriithi alidai kwamba kisheria ndama hajafika mpaka miguu yote minne iwe jukwaani. Wahome aliapa kwamba treni ilikuwa Karatina wakati ndama bado yuko kwenye handaki. Cucu aliwaacha wamalize, huku akimkausha ndama kwa gunia. Kisha akaniuliza mimi, kwa kuwa mimi ni yeye. Nikasema sijui, nilikuwa natazama mikono yangu. Akasema hilo ndilo jibu la kwanza la kweli alilosikia katika lile banda. Akaamua ndama apewe nusu ya chini ya banda, na meza ibaki juu yake. Na ndivyo ilivyokuwa. Ndama alilala chini ya Naro Moru, mahali pakavu, akapata joto la jiko la risasi, treni ikimpita juu. Walimwita Behewa. Alipokua kidogo alilamba chokaa yote ya kilele cha mlima, na Guka akasema ni theluji imeyeyuka, msimu umebadilika.

Sikurudi shule sawasawa. Muhula mmoja ulizaa mwingine, na nilipofika darasa la nne nilikuwa mrefu kuliko mwalimu. Hilo nalisema kama lilivyo, sililii wala silisifu. Wazee wale wamelala wote watatu, meza ililiwa na mchwa, na kuna miaka mingi ambapo hata njia ya kweli pale Kiganjo iliota nyasi na mbuzi wakalisha juu ya mataruma ya Guka. Siku honi iliposikika tena nilikuwa navuna viazi. Nilisimama shambani nikatafuta saa ambayo sina.

Sasa banda lipo tena, hapa kwa mwanangu, na kila Jumamosi linajaa vijana. Wako wasichana wanne na wavulana watatu, mmoja anatoka mbali Kianyaga, na anakunywa chai yenye sukari ileile. Wana mashine inayotema uzi wa plastiki na kujenga behewa wewe ukitazama, kama buibui aliyeajiriwa. Wanataniana kwa maneno nusu yake siyaelewi, lakini nayajua yalivyo: huyu anadharau injini ya yule, yule anasema njia ya huyu imelala. Sheria ya abiria niliwapa mimi. Kigoda niliwapa mimi. Na mjukuu wangu, mtoto wa kwanza wa mwanangu, ana miaka minane na anaitwa Nyambura. Usiniulize kwa nini.

Mwezi uliopita mabehewa yao yaliyumba kwenye kona. Mimi nikajitokeza kama mwenye dawa. Nikawaambia tieni kokoto, mabehewa yote, nyingi, hiyo kazi mimi niliimaliza kabla mama zenu hawajazaliwa. Wakatia kwa heshima. Treni ikaenda hatua chache ikasimama, na ikatoka harufu ya waya kuungua. Wakamtazama yule kijana wa Kianyaga, kwa kuwa mota alifunga yeye, na akaanza kuinyoosha shingo kupokea tiketi. Nikamwona Nyambura. Alikuwa amebana midomo, macho yakiwa kwenye behewa, kisha kwangu, kisha chini. Mdomo ule naujua. Nimekaa ndani yake siku nane.

"Sema," nikamwambia.

"Cucu, ni mawe yako," akasema. "Mota yao ni ndogo."

Yeye kulisema kulimchukua muda wa kumeza funda moja la chai. Vijana wakasubiri nione haya au nikasirike. Nikanyoosha mkono, nikaomba tiketi yangu. Mtoto akanivalisha mwenyewe, akanishika kiwiko mpaka kwenye kigoda, akarudi kwa wenzake na kuanza kutoa kokoto. Nikawamwagia chai wote, nikasifu mandhari. Walipowasha tena nilifumba macho kwa makusudi, maana mianya kwenye viungo waliiacha kwa sababu nilisisitiza, na nilitaka kusikia. Nikahesabu. Ilipita ishirini na nane na haikusimama, ishirini na tisa, thelathini, na kwenye thelathini na moja nikasikia kimya cha stesheni, kisha Nyambura akisema imefika. Njia yao ni ndefu kuliko yetu kwa viungo vitatu.